Kimo Sahihi cha Kiti cha Baiskeli Hupunguza Maumivu ya Magoti

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, dunia huadhimisha Siku ya Baiskeli kufuatia azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018. Katika miji mingi ulimwenguni siku hiyo hutumika kuwahimiza watu waliozoea magari wajaribu usafiri huu wa gharama nafuu usiochafua hewa. Mwananchi wa Shinyanga, Tabora au Kigoma himizo hilo humkuta tayari yuko barabarani, akiwa na madumu ya maji kwenye keria au gunia la mpunga lililofungwa kwa mpira. Kwake baiskeli ni chombo cha kazi, na jambo analohitaji kulifahamu ni namna ya kukitumia chombo hicho kwa miaka mingi bila kuumia.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika kipimo kimoja ambacho huchukua dakika chache kukirekebisha na aghalabu hakigharimu fedha yoyote, nacho ni kimo cha kiti. Pamoja na urahisi wake, kipimo hicho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Baiskeli mpya inaponunuliwa, fundi huiunganisha, hujaza upepo, hukaza nati na kumkalisha mteja juu yake. Kisha huuliza swali moja tu: "Miguu inafika chini?" Mteja akikanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, biashara imekwisha. Kiti hubaki hapo kilipo hadi baiskeli iuzwe kwa mtu mwingine.

Swali hilo lina nia njema, lakini limekosea mahali pa kupimia. Mguu wa mwendesha baiskeli haufanyi kazi juu ya ardhi, bali juu ya pedali. Kiti kinachomwezesha mtu mzima kukaa na kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili ni kifupi mno kwake wakati wa kukanyaga pedali, na gharama ya ufupi huo hulipwa na goti.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kuanza na hesabu ndogo. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia husogea takriban mita 5 kwa kila mzunguko kamili wa pedali. Mwanafunzi anayeishi kilomita 5 kutoka shuleni husafiri kilomita 10 kwa siku, kwenda na kurudi. Hiyo ni mizunguko 2,000, na katika kila mzunguko kila goti hukunjwa na kukunjuliwa mara moja. Kwa wiki yenye siku 5 za masomo, kila goti hufanya kazi hiyo mara 10,000. Kosa dogo la mkao ambalo mtu asingelihisi katika safari ya kwenda dukani hurudiwa mara nyingi kiasi hicho, na mwili huanza kulalamika.

Mbele ya goti kuna mfupa mdogo wa mviringo uitwao pia ya goti. Mfupa huo hufanya kazi mithili ya kapi la kisima, kwani msuli mkubwa wa mbele ya paja huuvuta ugoko kwa kano inayopita juu yake. Kamba inayopita juu ya kapi bila kupinda sana hailigandamizi kapi kwa nguvu. Ikipinda kwa ukali huku imebeba ndoo iliyojaa, kapi hulemewa. Ndivyo ilivyo kwa goti. Kadiri linavyokunjwa zaidi huku mguu ukisukuma kwa nguvu, ndivyo pia inavyogandamizwa dhidi ya mfupa wa paja. Kiti kikiwa chini mno, goti hufika karibu na kifua kila pedali inapokuwa juu, na hapo hasa ndipo mguu unapotakiwa kuanza kusukuma. Mzigo wa kilo 40 kwenye keria, upepo wa mbele au kilima huongeza nguvu hiyo. Matokeo yake ni maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka au chini ya pia, ambayo huzidi wakati wa kupanda mwinuko, kushuka ngazi au kuchuchumaa.

Wengi wanaopata maumivu hayo huyaita baridi yabisi au huyahesabu kuwa dalili za uzee, hata wakiwa na umri wa miaka 30. Wengine hununua vidonge vya diklofenaki dukani na kuvimeza kila jioni ili waweze kuendesha kesho yake. Tabia hiyo ina madhara, kwa sababu dawa za kundi hilo zikitumiwa mara kwa mara bila usimamizi wa mtaalamu zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, ilhali kiti kilicholeta maumivu kimeachwa palepale.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Kiti kikiwa juu mno, mguu hulazimika kunyooka kabisa, au hata kunyoosha vidole, ili kuifikia pedali inapokuwa chini. Misuli na kano za nyuma ya goti huvutika kupita kiasi, na maumivu hujitokeza upande huo wa nyuma. Nyonga nazo huanza kuyumba kushoto na kulia ili kuufikisha mguu, jambo linalochosha kiuno na kuchubua ngozi ya makalio. Mtu aliye nyuma ya mwendesha baiskeli hulitambua kosa hili kwa urahisi kuliko mwendeshaji mwenyewe: akitazama kiuno, huona kinapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine kwa kila mzunguko. Ganzi sehemu za siri ni dalili nyingine ya kiti kilicho juu mno, au kiti ambacho pua yake imeelekezwa juu. Ni dalili ambayo watu huona haya kuitaja, lakini haifai kupuuzwa.

Kati ya makosa hayo mawili kipo kimo sahihi, na zipo njia tatu za kukipata.

Njia ya kwanza hutumia kisigino na haihitaji kifaa chochote. Egemeza baiskeli ukutani au mwombe mtu aishike wima. Panda, kaa kitini kama unavyokaa siku zote ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea, kisha weka kisigino juu ya pedali na uizungushe kinyumenyume hadi ifike chini kabisa. Hapo mguu unatakiwa kunyooka sawasawa bila nyonga kuinamia upande wowote. Goti likibaki limekunjika, kiti kiko chini. Kisigino kikiachana na pedali au nyonga zikiinama, kiti kiko juu. Rudia kwa mguu wa pili. Ukishapata kimo hicho, uendeshapo kwa kukanyaga pedali kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, nyuma tu ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo unaolinda kiungo.

Njia ya pili hutumia futi ya fundi cherehani. Simama bila viatu, mgongo ukiwa umegusa ukuta na miguu ikiwa imeachana kidogo. Weka daftari gumu katikati ya mapaja na ulivute juu hadi ligande kama unavyokaa juu ya kiti cha baiskeli. Mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Kipimo hicho ndicho urefu wa mguu wa ndani. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba mwendesha baiskeli hutoa nguvu kwa ufanisi zaidi pale umbali kutoka pedali iliyo chini hadi juu ya kiti unapokuwa asilimia 109 ya urefu huo. Kwa mtu mwenye mguu wa ndani wa sentimita 78, hesabu ni 78 mara 1.09, sawa na sentimita 85. Ikumbukwe kwamba watafiti hao walikuwa wakitafuta nguvu na si kinga ya maumivu. Kwa hiyo kipimo chao kichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia. Mtu ambaye goti lake la nyuma linavuta ashushe kidogo bila kuona kwamba amevunja kanuni.

Njia ya tatu ni ya wataalamu wa tiba ya michezo na viungo. Wao hupima kwa kifaa pembe ya goti wakati pedali iko chini, na hukubali mkunjo wa kati ya nyuzi 25 na 35 kutoka kwenye mguu ulionyooka kabisa. Nyumbani kipimo hicho ni vigumu, ila picha ya simu iliyopigwa kutoka ubavuni, kwa kimo cha goti, huonyesha vizuri kama mguu umekunjika kidogo, umekunjika sana au umenyooka kama fimbo.

Mwandishi wa makala haya anaipendelea njia ya kisigino. Hupima mtu akiwa na viatu vyake na juu ya kiti chake, jambo ambalo futi hailifanyi. Baiskeli nyingi zinazotumika nchini, hasa zile kubwa nyeusi aina ya Phoenix na nyingine za mfano huo, zina viti vyenye springi vinavyozama mtu anapokalia. Ukipima kiti kikiwa kitupu utapata namba nzuri kwenye karatasi na kimo kifupi barabarani.

Kurekebisha kiti ni kazi ya spana moja. Chini ya kiti, pale bomba linapoingia kwenye fremu, kuna kibano chenye nati. Hiyo ndiyo inayolegezwa. Nati iliyo mara moja chini ya tandiko lenyewe ina kazi tofauti, kwani huruhusu kiti kuinama mbele au nyuma na kusogezwa kuelekea usukani. Tumia spana inayolingana na nati. Koleo huzila kona za nati, na nati iliyoliwa ndiyo sababu ya viti vingi kubaki mahali pamoja kwa miaka kumi. Bomba lililoshika kutu lipakwe mafuta kuzunguka pale linapoingia, liachwe usiku kucha, kisha kiti kizungushwe kushoto na kulia huku kikivutwa. Kulipiga kwa nyundo kutoka chini hakushauriwi.

Hapa lipo onyo la usalama. Mabomba mengi yana mstari uliochongwa kuonyesha mwisho wa kulivuta nje, na mstari huo haupaswi kuonekana juu ya fremu. Kama bomba halina alama, hakikisha angalau sentimita 7 zimebaki ndani. Bomba lililovutwa kupita hapo linaweza kuvunjika au kupasua fremu baiskeli inapoingia kwenye shimo. Mtu mrefu ambaye bomba lake limefika mwisho na bado goti limekunjika sana anahitaji bomba refu zaidi la unene uleule, ambalo fundi baiskeli anaweza kumpatia.

Baada ya kukaza, shika kiti kwa mikono miwili na ujaribu kukizungusha kwa nguvu; kisicheze. Pua ya kiti itazame mbele moja kwa moja na kiti kiwe bapa. Badilisha kimo kwa nusu sentimita hadi sentimita moja kwa wakati, kisha endesha siku tatu au nne kabla ya kubadilisha tena, kwa kuwa misuli iliyozoea mkao wa zamani huhitaji muda. Aliyezoea kiti kifupi kwa miaka mingi akikipandisha sentimita 5 kwa mara moja ataumwa mahali pengine na kuulaumu ushauri huu.

Jambo la namna ya kukanyaga pedali lastahili kutajwa pia. Waendeshaji wengi, hasa wavaao kandambili, hukanyaga kwa katikati ya wayo au kwa kisigino. Mkao huo huufanya mguu kuwa mfupi kwa sentimita kadhaa, hivyo kiti kilichopangwa vizuri huonekana kirefu. Kabla ya kukishusha, sahihisha kwanza wayo.

Baada ya maelezo yote hayo, pingamizi kubwa hubaki lilelile: kiti kikipandishwa, miguu haifiki chini. Hofu hiyo ina msingi. Barabara ni nyembamba, malori yanapita karibu, na mtu anataka kujua kwamba akisimama ghafla hataanguka. Ufumbuzi wake ni kujifunza kusimama vizuri. Mwendesha baiskeli aliye kwenye kimo sahihi hasimami akiwa amekaa. Anaposhika breki, huacha pedali moja ishuke hadi chini, husimama juu yake, huteleza mbele ya kiti na kukanyaga ardhi kwa mguu wa pili baiskeli inapotulia. Kuondoka ni kwa kinyume chake: mguu mmoja chini, pedali ya upande wa pili ikiwa imepanda na kuelekea mbele, kisha kuikanyaga na kujiinua hadi kitini kwa pamoja. Zoezi hilo lifanyike kwenye uwanja usio na magari mpaka lizoeleke. Vidole vya mguu mmoja kugusa chini huku baiskeli imeinama kidogo si kasoro.

Wapo hata hivyo wenye sababu halali ya kuweka kiti chini kidogo ya kipimo. Anayebeba abiria au mzigo mrefu kwenye keria hawezi kuruka mbele na nyuma ya kiti kila anaposimama, kwani baiskeli itamwelemea. Mtu anayejifunza, na mzee aliyerejea kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, nao wanahitaji kujiamini kwanza. Kwao sentimita 2 au 3 chini ya kimo sahihi ni maafikiano yanayokubalika, mradi washuke na kuisukuma baiskeli kwenye mwinuko badala ya kulazimisha goti lililokunjika. Kuisukuma baiskeli kilimani si aibu.

Tatizo gumu zaidi ni la fremu kubwa, na huwaangukia zaidi wanawake na wanafunzi. Baiskeli ya magurudumu ya inchi 28 yenye fremu ya inchi 22, yaani sentimita 56, ikishushwa kiti hadi mwisho bado huacha takriban sentimita 83 kati ya pedali iliyo chini na juu ya kiti. Kwa hesabu ya asilimia 109, baiskeli hiyo inamfaa mtu mwenye mguu wa ndani wa sentimita 76 au zaidi. Mwenye sentimita 70 atayumbisha nyonga kila mzunguko, na hakuna spana itakayomsaidia. Kubadilisha kiti cha springi kwa kiti chembamba hupunguza sentimita chache. Zaidi ya hapo, suluhisho ni baiskeli yenye fremu fupi au ya magurudumu ya inchi 26. Wazazi wengi humnunulia mtoto baiskeli kubwa kwa hoja kwamba atakua nayo. Hoja hiyo inaeleweka kwa sare ya shule. Kwa baiskeli, mtoto hutumia miaka miwili au mitatu akiendesha kwa kuning'inia, tena bila uwezo wa kusimama salama. Vivyo hivyo taasisi, halmashauri na wafadhili wanaogawa baiskeli kwa wanafunzi wangefanya vyema kupima miguu ya walengwa kabla ya kuagiza mzigo wote kwa saizi moja.

Si kila goti linalouma limeumizwa na kiti. Goti lililovimba, lenye joto au wekundu, linalokwama likikunjwa, lililoanza kuuma baada ya kuanguka, au linaloambatana na homa, lipelekwe zahanati au kituo cha afya bila kusubiri. Vilevile maumivu yanayoendelea kwa wiki 2 hadi 3 baada ya kiti kurekebishwa na mizigo kupunguzwa yaonwe na mtaalamu. Mweleze mhudumu kwamba unaendesha baiskeli na umbali unaosafiri kwa siku. Taarifa hiyo humsaidia kujua aanzie wapi.

Mwisho ni kuhusu baiskeli ya familia, ambayo alfajiri humpeleka baba shambani, mchana mama sokoni na jioni kijana kisimani. Kiti kimoja hakiwezi kuwafaa wote watatu. Kila mmoja apime kimo chake mara moja kwa njia ya kisigino, kisha bomba la kiti lichorwe alama kwa rangi au kuzungushiwa utepe mwembamba wa plastiki, kila mtu na rangi yake. Spana ifungwe chini ya keria kwa kipande cha mpira ili isipotee, na anayepokea baiskeli akishalegeza na kukaza, aendeshe mita mia moja na kuikagua nati tena. Alama ya mtoto ipimwe upya kila shule zinapofunguliwa.